Tenisi ya kulipwa: Kwa nini nyota wengine huchokea mchezo kabla ya kufika miaka 25

WAVUVI wa pweza wilayani Mafia, mkoani Pwani, wakiwamo wale wa kisiwa kidogo cha Jibondo, wanaujua utaratibu wa kufunga mwamba. Sehemu ya mwamba huachwa bila kuguswa kwa miezi mitatu hivi, hata maji ya bamvua yanapokupwa na pweza kuwa karibu na mkono wa mvuvi. Siku mwamba unapofunguliwa, pweza anayepatikana huwa mkubwa kuliko yule ambaye angechokolewa mapema, kwa kuwa kiumbe huyo hukua haraka mno na wiki chache za subira hubadili kabisa uzito wake.

Tenisi ya kulipwa ilichelewa kulijua jambo hilo, na waliolipia gharama ya kuchelewa huko walikuwa watoto.

Machi 1990, huko Boca Raton katika jimbo la Florida, msichana wa Kimarekani aitwaye Jennifer Capriati aliingia uwanjani kucheza mashindano yake ya kwanza ya kulipwa akiwa na umri wa miaka 13, wiki chache tu kabla ya kutimiza 14. Alifika fainali. Miezi michache baadaye alicheza nusu fainali ya Mashindano ya Wazi ya Ufaransa, na kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa tayari miongoni mwa wachezaji kumi bora duniani. Mikataba yake ya matangazo ya biashara ilikuwa imesainiwa kabla hajashinda hata mechi moja ya kulipwa. Mwaka 1992 alimshinda Steffi Graf wa Ujerumani na kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Barcelona.

Mwaka mmoja baadaye mambo yaliharibika. Capriati alitolewa katika raundi ya kwanza ya Mashindano ya Wazi ya Marekani ya 1993, akaondoka na kukaa nje ya mchezo kwa zaidi ya mwaka mzima, huku jina lake likihama kutoka kurasa za michezo kwenda kwenye habari za polisi. Wakati anaondoka alikuwa na miaka 17.

Hakuwa wa kwanza. Tracy Austin, Mmarekani mwenzake, alitwaa ubingwa wa Marekani mwaka 1979 akiwa na miaka 16, akaurudia mwaka 1981, kisha maumivu ya mgongo yakamwondoa katika kundi la juu akiwa bado na miaka 21 hivi. Andrea Jaeger alishika nafasi ya pili duniani akiwa na miaka 16, akacheza fainali ya Ufaransa mwaka 1982 na ya Wimbledon mwaka 1983, halafu bega likamsaliti akiwa na miaka 19. Jaeger hakuwahi kurudi katika hadhi yake ya awali. Mwaka 2006 alivaa nguo za utawa.

Wala si wasichana peke yao. Bjorn Borg wa Sweden, ambaye utulivu wake uwanjani ulimfanya aitwe mtu wa barafu, alikuwa na mataji 11 ya Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa kuliko yote: sita ya Ufaransa na matano mfululizo ya Wimbledon kati ya mwaka 1976 na 1980. Mwaka 1981 alipoteza fainali mbili mbele ya John McEnroe, ile ya Wimbledon na ile ya Marekani, na Januari 1983 dunia ikatangaziwa kwamba ametundika raketi akiwa na miaka 26. Alipojaribu kurejea mwaka 1991 mjini Monte Carlo, akiwa ameshika raketi ya mbao wakati wenzake wote walikwisha kuziacha, alifungwa kwa urahisi katika mechi ya kwanza.

Inafaa kutulia kidogo kwa Borg, kwa sababu kisa chake kinaivunja dhana moja iliyozoeleka. Watu wengi hudhani kwamba anayechoka mapema ni yule mwenye moyo mwepesi. Borg alikuwa mfano wa ukakamavu wa akili kuliko mchezaji yeyote wa wakati wake: hakugombana na mwamuzi, hakuvunja raketi, wala uso wake haukuonyesha kama anashinda au anashindwa. Ni huyo huyo aliyeondoka wakati wapinzani wake wakubwa walikuwa bado na miaka mingi ya kucheza.

Kanuni ya umri

Masaibu ya Capriati na wenzake yalikilazimisha Chama cha Tenisi cha Wanawake, WTA, kuchukua hatua. Mwaka 1995 kilianza kutumia kanuni ya umri ambayo, kwa kifupi, inamzuia msichana kucheza mashindano ya kulipwa kabla ya kutimiza miaka 14, na kisha inamruhusu idadi maalumu ya mashindano kila mwaka, idadi inayoongezeka hadi anapofikisha miaka 18 na kuwa huru. Venus Williams na Martina Hingis walianza kucheza mwishoni mwa 1994, mlango ukiwa unakaribia kufungwa. Hingis alikuwa namba moja duniani mwaka 1997 akiwa na miaka 16, akatangaza kuacha kwa mara ya kwanza mwaka 2003 akiwa na miaka 22 kwa ajili ya vifundo vya miguu. Venus, ambaye baba yake alimzuia kwa miaka kadhaa asicheze mashindano ya vijana, alikuwa angali anacheza akiwa na zaidi ya miaka 40.

Kanuni hiyo imelaumiwa na wazazi na mawakala ambao huona binti akinyimwa kipato wakati nyota yake inawaka. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa na chama chenyewe miaka kumi baada ya kuanza kwake ulionyesha kuwa wachezaji wanaoacha mapema walikuwa wamepungua na muda wa kucheza umerefuka. Coco Gauff aliyefika raundi ya nne ya Wimbledon mwaka 2019 akiwa na miaka 15 alibanwa na kanuni hiyo hiyo. Alitwaa ubingwa wa Marekani mwaka 2023 na wa Ufaransa mwaka 2025.

Kuchoka si kufanya kazi nyingi

Neno la kitaalamu la hali hii liliingia katika maandishi ya saikolojia mwaka 1974 kupitia daktari Herbert Freudenberger wa New York, ambaye aliwaangalia watu waliojitolea kuhudumia wagonjwa wa dawa za kulevya na kuona namna ari yao ilivyokuwa ikizimika kama taa iliyoishiwa mafuta. Mwanasaikolojia Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California aliipanua fikra hiyo, na waliomfuata waliihamishia michezoni. Kwa mwanamichezo, dalili zake ni tatu: mwili na akili huchoka kwa namna ambayo usingizi wa usiku mmoja hauiondoi, mchezaji huanza kujiona hafikii lolote hata anaposhinda, na kile alichokipenda tangu utotoni hugeuka kuwa kitu cha kuchukiza. Hiyo ya tatu ndiyo inayotofautisha hali hii na uchovu wa kawaida. Mchezaji aliyechoka tu hutamani kupumzika ili arudi uwanjani, lakini huyu hana hamu ya kurudi.

Mwaka 1996 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Daniel Gould walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu vijana wa tenisi waliochokea mchezo, wakiwalinganisha na wenzao walioendelea. Matarajio yalikuwa kwamba waliochoka ndio waliofanya mazoezi mengi zaidi. Haikuwa hivyo. Kilichowatofautisha zaidi ni kwamba waliochoka hawakuwa na kauli katika mazoezi yao wenyewe, waliishi kwa hofu ya kukosea, walibeba matarajio makubwa ya wazazi, na hawakuwa na mbinu za kukabiliana na mambo yanapoharibika. Kwa maneno mengine, mtoto anaweza kupiga mipira elfu kwa siku asichoke, iwapo ni yeye aliyetaka kuipiga.

Andre Agassi alikuja kuyathibitisha hayo kwa kinywa chake. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2009 alikiri kwamba aliichukia tenisi, mchezo aliochaguliwa na baba yake kabla hajajua kusema vizuri. Mwaka 1997 aliporomoka hadi nafasi ya 141. Miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa Ufaransa na namba moja wa dunia, na akaendelea kucheza hadi 2006 akiwa na miaka 36. Chuki hiyo ilipungua, kwa maelezo yake mwenyewe, pale alipopata sababu yake binafsi ya kucheza, hasa shule aliyoianzisha kwa watoto wa familia duni mjini Las Vegas.

Sekunde kati ya mpira na mpira

Ili kuelewa kwa nini akili huelemewa upesi katika tenisi kuliko katika soka, ni lazima kuutazama mchezo wenyewe. Katika soka mchezaji aliyekosea hufichwa na wenzake kumi. Katika tenisi yuko peke yake, na kwa muda mrefu kanuni zilimkataza hata kuzungumza na kocha wake wakati wa mechi. Ruhusa ya jumla ya kupokea maelekezo kutoka kwa kocha aliyeketi pembeni ilianza kutumika mwaka 2025. Mashindano huanza Januari na kuishia Novemba. Katika Grand Slam huingia wachezaji 128 kwa upande mmoja mmoja, na 127 kati yao huondoka wakiwa wamefungwa. Hata mchezaji mzuri, basi, hufungwa karibu kila wiki anayocheza, kisha hupanda ndege kwenda kujaribu tena kwingine.

Roger Federer alilieleza hilo kwa hesabu alipowahutubia wahitimu wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 2024. Alisema kwamba katika mechi zake 1,526 alishinda karibu asilimia 80, lakini ukihesabu pointi moja moja alishinda asilimia 54 tu. Yaani mmoja wa wachezaji bora kuwahi kutokea alipoteza karibu nusu ya mipira yote aliyoigombea. Anayeumia kwa kila mpira anaopoteza hawezi kufika mbali katika mchezo wa namna hii.

Mwanasaikolojia Jim Loehr, ambaye vitabu vyake vya miaka ya 1980 ndivyo vilivyolisambaza neno ukakamavu wa akili miongoni mwa makocha, alitumia saa nyingi kutazama mikanda ya video akitafuta tofauti kati ya wachezaji wa juu na wale wa kati. Wakati mpira unachezwa hakuiona. Aliiona katika zile sekunde 20 au 25 kati ya pointi moja na nyingine. Wachezaji bora walikuwa na utaratibu wao: kugeuza uso, kutembea taratibu, kurekebisha nyuzi za raketi, kuvuta pumzi, na mapigo ya moyo wao yakashuka kabla ya mpira unaofuata. Wale wa kati hawakuwa na utaratibu wowote na mapigo yao yalibaki juu mechi nzima.

Huenda hilo ndilo jambo muhimu kuliko yote katika mada hii, nalo husahaulika kila mara kocha anapomfokea mtoto kwamba hana moyo. Ukakamavu, kwa ushahidi wa Loehr, ni ustadi wa kupumzika. Anayejua kupumzika kwa sekunde 20 ana uwezekano wa kujua pia lini apumzike kwa wiki tatu, na hata kwa mwaka.

Ashleigh Barty wa Australia alipumzika kwa karibu miaka miwili. Alikuwa bingwa wa vijana wa Wimbledon mwaka 2011 akiwa na miaka 15, akaacha tenisi mwaka 2014 akiwa na miaka 18, akaenda kucheza kriketi ya kulipwa katika timu ya Brisbane Heat, ambako kwa mara ya kwanza alikuwa na wenzake wa kushinda na kushindwa nao. Alirejea mwaka 2016. Akatwaa Ufaransa mwaka 2019, Wimbledon mwaka 2021 na Australia Januari 2022, kisha Machi 2022, akiwa namba moja duniani na miaka 25, akaacha moja kwa moja. Naomi Osaka wa Japani naye alijitoa katika mashindano ya Ufaransa mwaka 2021 baada ya kutozwa faini ya dola 15,000 kwa kukataa mkutano na waandishi wa habari, akaeleza kwamba alikuwa akisumbuliwa na sonona tangu mwaka 2018. Wako waliomwita dhaifu. Julai 2025 Ons Jabeur wa Tunisia, mwanamke wa kwanza wa Afrika na wa Kiarabu kucheza fainali ya Wimbledon upande wa mmoja mmoja katika zama za tenisi ya kulipwa, alitangaza kusimama kwa muda kwa sababu furaha ya kucheza ilikuwa imemtoka.

Afrika Mashariki: safari ndefu kabla ya mpira wa kwanza

Kwa upande wa kanda hii, tatizo huanza mahali pengine. Mkenya Paul Wekesa, aliyepitia chuo nchini Marekani, aliingia katika wachezaji 100 bora wa dunia mwaka 1995 akiwa na umri ambao Borg alikwisha kustaafu. Sada Nahimana wa Burundi, aliyezaliwa mwaka 2001, amewahi kuwa miongoni mwa 300 bora. Majina hayo ni machache, na uchache wake hautokani na kuchokea mchezo. Mashindano ya ngazi ya chini kabisa yamekuwa na zawadi ya jumla ya dola 15,000 za kugawana washiriki wote, wakati tiketi ya ndege, viza, hoteli, nyuzi za raketi na mshahara wa kocha ni juu ya mchezaji mwenyewe. Wengi huishiwa fedha kabla ya kuishiwa hamu.

Kijana wa Kilindoni, makao makuu ya wilaya ya Mafia, ni mfano mzuri wa umbali huo. Ili tu kuanza safari ya kuelekea viwanja vya Dar es Salaam atapanda boti hadi Nyamisati upande wa bara na kuendelea kwa gari, au atalipia nauli ya ndege ndogo ambayo familia ya mvuvi haiimudu kila mwezi. Akiwa na kipaji cha kweli, hatua inayofuata ni kambi ya Nairobi au ya nje ya Afrika Mashariki kabisa. Maana yake ni kuondoka nyumbani akiwa mdogo, kwa muda mrefu, akiwa amebeba matumaini ya ukoo na pengine ya taifa. Yale yaliyoorodheshwa na utafiti wa 1996, yaani kukosa kauli, hofu ya kukosea na matarajio ya wakubwa, mtoto huyo huyakuta yote begani siku ya kwanza.

Riadha imekwisha kuonyesha uzito wa mzigo wa namna hiyo. Samuel Wanjiru wa Kenya alipelekwa shule nchini Japani mwaka 2002 akiwa na miaka 15, akashinda marathoni ya Olimpiki mjini Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 21 kwa saa 2:06:32, akashinda London na Chicago mwaka 2009 na Chicago tena mwaka 2010. Mei 2011 alifariki dunia akiwa na miaka 24, baada ya miezi ya misukosuko iliyoandikwa sana na magazeti. Fedha na sifa zilimfikia zote kwa pamoja, akiwa bado kijana mdogo.

Kisa cha Angella Okutoyi ni tofauti. Yeye na pacha wake Roselida walizaliwa Januari 2004, mama yao akafariki katika uzazi huo, wakalelewa na bibi yao mjini Nairobi. Januari 2022 Okutoyi alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda mechi ya vijana katika Grand Slam, alipofika raundi ya tatu nchini Australia. Julai mwaka huo, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alitwaa taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili kwa seti 3-6, 6-4, 11-9. Kenya nzima ilimtaka aingie moja kwa moja katika tenisi ya kulipwa. Badala yake alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn nchini Marekani, alikosoma na kucheza kwa pamoja, mahali ambapo mechi iliyopotea haimnyimi mtu chakula wala kitanda, na ambapo timu nzima hukaa pembeni ikimshangilia. Machi 2024, akiwa bado mwanafunzi, alitwaa dhahabu ya tenisi ya mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra, Ghana.

Mmoja wa Wakanada wawili waliofungwa katika fainali ile ya Wimbledon alikuwa Victoria Mboko, binti wa wazazi waliohama kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakati huo akiwa na miaka 15. Baada ya hapo goti lilimsumbua na maendeleo yake yakasimama. Mwanzoni mwa 2025 alikuwa bado nje ya 300 bora. Agosti 2025, mjini Montreal, aliwafunga Coco Gauff na Elena Rybakina, kisha akamshinda Naomi Osaka katika fainali kwa 2-6, 6-4, 6-1. Mashindano makubwa yaliyofuata yalikuwa ya Cincinnati, yakianza siku hizo hizo. Mboko alikuwa ameumia mkono alipoanguka katika nusu fainali, na hakwenda.